Mume Aliyeletwa na Ofisi ya Mtaa

Aliyeikosa sehemu ya wiki iliyopita asijilaumu. Hakukosa jema lolote.

Kwa ufupi tu: Anastazia, mwanamke wa Mbinga anayeishi Guangzhou, aliachwa na mumewe Kasmir kwa ajili ya binti wa Kikongo aitwaye Gracia, mfanyabiashara wa viatu katika soko la Zhanxi. Kasmir aliondoka na nguo zake, redio na pasi ya umeme. Vitu viwili alivisahau kwa ukarimu wake: mkewe, na mkopo wa nyumba ambao wote wawili walikuwa wameutia sahihi enzi za neema, wakati kila mtu aliamini kwamba ghorofa za Guangzhou hupanda bei hata zikiwa zimelala.

Ghorofa zikaamka, bei zikashuka. Wateja wa Anastazia kutoka Songea na Njombe, aliokuwa akiwapeleka kwa mafundi cherehani wa Kangle kushonesha sare za kwaya, nao wakagundua kwamba simu inaweza kuagiza bila kulipwa chochote. Marejesho yakasimama. Benki ikapiga simu, ikaandika, ikapiga tena. Mwisho ikamweleza kwa adabu kubwa kwamba nyumba yake itapigwa mnada mtandaoni, mahali hapo hapo watu wanaponunulia vikaango.

Tulimwacha amefungua mlango, na mlangoni amesimama Kasmir na sanduku lile lile aliloondoka nalo.

"Hodi," alisema Kasmir.

"Umesahau nini?"

"Mama Teddy, sikuja kugombana. Nimekuja kwa ajili ya nyumba."

Teddy ni binti yao, anasoma kwa masista huko Songea, na hana habari kwamba baba yake alishahama. Kila Jumapili Anastazia humwambia kwamba baba yupo kazini. Kwa mwaka mzima sasa, hakuna mwanamume aliyefanya kazi Jumapili nyingi kama Kasmir.

"Nyumba ipi?" aliuliza Anastazia.

"Hii yetu. Hujaona tangazo kwenye lifti?"

Alikuwa ameliona. Kuliona si kulisoma. Kichina cha Anastazia ni cha mdomoni, cha kupunguziwa bei na kugombezea mkono wa gauni ulioshonwa kinyume, na katika hicho hashindwi na mtu. Cha kusoma alimwachia mumewe, aliyekuja mji huu kusomea uhandisi na kuishia kufunga mizigo ya watu kwenye makontena.

Kasmir alimsomea kutoka kwenye simu yake, taratibu, kama katekista. Wilaya ilikuwa imeanzisha mpango wa kuwanusuru wenye nyumba walioshindwa kulipa. Ofisi ya mtaa inakuja kukagua, inapeleka maoni yake benki, benki inasogeza marejesho mbele, mnada unafutwa. Watu wanabaki majumbani mwao.

"Lakini lipo sharti," alisema Kasmir, na hapo akaiweka simu mfukoni. "Wote wawili waliotia sahihi lazima wawe wanaishi humu. Mume na mke, chini ya paa moja."

"Nani kasema?"

"Kanuni."

"Na Gracia anasemaje?"

"Gracia ameelewa. Amekubali kujitoa."

Ni nadra sana kukuta moyo wa namna hiyo siku hizi, mwanamke kukubali kumwazima mwenzake mume wake mwenyewe.

Anastazia alimtazama kwa muda. Padre alijaribu kumrudisha mtu huyu kwa sala. Rodgers, katekista wa jumuiya yao, alijaribu kwa aya za Maandiko. Mama mkwe alijaribu kwa simu kutoka Mbinga, akalia mpaka salio likaisha. Wote walishindwa. Sasa ofisi ya mtaa imefanikiwa kwa karatasi moja iliyobandikwa kwenye lifti, kati ya tangazo la kuzibua mabomba na la paka aliyepotea.

"Utalala kwenye kochi," alisema.

"Na mkaguzi akija?"

"Akija utakuwa umeshaamka."

*

Mkaguzi alikuwa mama mmoja mfupi, mwalimu mstaafu, sauti yake imemzidi umbo. Jina lake Bi Luo. Alivua viatu mlangoni, akavaa ndala za wageni, akapita ndani bila kusubiri kukaribishwa, kama wanavyopita watu waliozoea madaftari ya watoto wa wengine.

Anastazia alikuwa amejiandaa. Alikuwa amerudisha picha ya harusi ukutani. Alikuwa amelowesha suruali mbili za Kasmir, ambazo zilikuwa safi, akazianika barazani zionekane. Bafuni aliweka mswaki wa pili, na kwa kuwa ulikuwa mpya mno, aliusugulia sinki kwanza.

Kasmir hakuambiwa habari ya sinki.

"Nyie ni mume na mke?" aliuliza Bi Luo.

"Tangu zamani," alisema Kasmir.

"Mumeo anapenda kula nini?"

"Ugali," alisema Anastazia.

"Wali," alisema Kasmir, na vinywa vyao vilifunguka kwa wakati mmoja.

Wakatazamana. Anastazia aliuona mnada unakaribia, nyumba yake imepangwa kwenye kioo cha simu pamoja na vikaango.

Bi Luo akacheka mpaka akashika ukuta. "Hawa ni wanandoa kweli," alisema. "Mimi na mzee wangu tangu tuoane hatujakubaliana hata juu ya chumvi."

Akaingia bafuni, akatoka. Akaenda barazani, akazishika suruali, akazipapasa pindo. Akasimama mbele ya picha ya harusi, akasema Anastazia alikuwa amependeza, na kuhusu Kasmir hakusema kitu.

"Nitarudi," alisema akivaa viatu. "Sitasema ni lini. Nikisema, watu hunipikia."

Mlango ulipofungwa Kasmir alishusha pumzi ndefu.

"Umesikia, mama Teddy. Anaweza kuja wakati wowote. Kwa hiyo siwezi kuondoka," alisema, kwa huzuni ile ya mtu aliyepakuliwa sahani ya pili.

*

Basi akakaa.

Jumapili walikwenda wote misa, kwenye kanisa kuu la mawe. Rodgers katekista alipowaona wamekaa benchi moja alifumba macho kwa shukrani. Baada ya misa akasimama mbele ya jumuiya, akasema sala haipotei, inachelewa tu, na huu ni ushuhuda. Watu wakampa Anastazia mkono. Angewaambia nini? Kwamba ushuhuda wenyewe una mhuri wa wilaya? Akashukuru, akatabasamu, akasema Mungu ni mwema.

Jumatatu Kasmir akajitolea kumsindikiza Kangle. Kwaya moja ya Njombe ilikuwa imebaki kuwa mteja mwaminifu, pengine kwa sababu mwenyekiti wao hakuwa na simu nzuri, na sare zao zilikuwa tayari kwenye karakana ya ghorofa ya pili, kwenye vichochoro vile ambavyo mikokoteni ya vitambaa haimpishi mtu.

Mama mwenye karakana, ambaye Anastazia humwita laoban kama mabosi wote wa mji huu wanavyoitwa, alimtazama Kasmir toka juu mpaka chini.

"Huyu ndiye yule aliyepotea?"

"Ndiye."

"Amerudi na nini?"

"Na sanduku."

"Meiyou," alisema laoban, neno lile wauzaji hulitumia kusema hakuna, bidhaa imekwisha, nenda zako. Akarudi kwenye cherehani yake.

Lakini siku ile Kasmir aliubeba mzigo wote begani, ngazi zote, akitoa jasho bila kunung'unika. Njiani mkokoteni ulitaka kumpitia Anastazia mguuni, naye akamvuta mkono, na baada ya kumvuta hakuuachia mara moja. Wakanunua maandazi ya mvuke, wakala wamesimama. Akamkumbusha siku ile walipopotea Pazhou, kwenye yale majumba ya maonyesho, wakaibukia kwenye mkutano wa watengeneza matrekta na kupigwa picha kama wageni rasmi kutoka serikalini. Anastazia alicheka. Hakuwa amekusudia kucheka.

"Ana," alisema Kasmir. Hakuwa amemwita hivyo tangu Teddy azaliwe. "Tungeweza kuanza upya, sisi."

Jioni alipofika nyumbani akamtolea blanketi zuri, lile la wageni, akalitupa kwenye kochi kama mtu aliyechoka kulishika.

Na kesho yake, Jumanne, akafungua friza akatoa dagaa wa Nyasa. Dagaa wale mama yake alikuwa amewakausha mwenyewe, wakasafiri ndani ya begi la mteja kutoka Mbamba Bay hadi Guangzhou, na Anastazia alikuwa akiwatunza kwa ajili ya Pasaka. Mwanamke akipika dagaa wa Pasaka siku ya Jumanne, mjue hali yake si nzuri.

Aliwaunga kwa nyanya na bilauri ya maji ya ndimu. Akasonga ugali. Akajikuta anajitazama kwenye kioo cha dirisha, anaweka nywele sawa.

*

Bi Luo alikuja wakati ugali unatoa moshi.

"Leo sikuwaambia, na bado mmepika," alisema, akakaa mezani bila kubembelezwa. Akamega ugali kwa kijiko, akauliza kama hii ni keki. Akaonja dagaa mmoja, akaonja na wengine. Kasmir alimsogezea bakuli. Akamwambia mke wangu ni mpishi hodari. Mke wangu, alirudia, na mkono wake ukapumzika juu ya kiti cha Anastazia.

Nyumba ilinukia ndimu. Picha ya harusi ilikuwa imenyooka ukutani. Kama kuna mchoraji wa serikali aliyekuwa akitafuta mfano wa familia iliyonusurika, angeanza kuchora pale pale.

Mlango ukagongwa.

Anastazia alikwenda kufungua. Alikuwepo mwanamke kijana, tumbo limemtangulia, mkono mmoja kiunoni na mwingine umeshika mkoba mkubwa wa kusafiria. Hawakuwahi kukutana, lakini Anastazia alishaitazama picha yake kwenye simu mara nyingi kuliko alivyotazama za mwanawe. Picha ilikuwa haijamwambia habari ya tumbo.

"Bonjour, mama," alisema Gracia. "Samahani sana. Kasmir iko?"

Dagaa hana mwiba wa kumpalia mtu mzima. Hata hivyo Kasmir alipaliwa.

"Nani huyo?" aliuliza Bi Luo kutoka mezani.

Yapo mambo ambayo mtu angependa apewe wiki nzima ya kuyafikiria. Anastazia alipewa muda wa kugeuza shingo. Alimwona mkaguzi na kalamu yake, akaona kuta zile, jiko lile, chumba cha Teddy chenye mapazia ya njano ambayo Teddy hajawahi kuyaona. Akaona pia uso wa Kasmir, macho mekundu kwa kikohozi, unamsihi.

"Mdogo wangu," alisema.

"Wa tumbo moja?"

"Wa mama mmoja."

"Hamfanani."

"Yeye alimfuata baba."

Bi Luo alisimama, akamtolea mjamzito kiti, akampokea mkoba. Gracia alikaa. Macho yake yalitoka kwa Kasmir yakaenda kwa Anastazia, yakarudi, kisha yakatulia mapajani.

"Mbona hasemi?" aliuliza Bi Luo.

"Hajui Kichina." Anastazia angeweza kuishia hapo. Lakini mkono wa Kasmir ulikuwa bado juu ya kiti, na dagaa walikuwa bado mezani. "Na akili yake nzito kidogo, tangu utotoni. Ndiyo maana alidanganyika akampata mume wa hovyo."

"Mume gani?"

"Mwongo. Mvivu. Leo analala hapa, kesho pale. Mimi nilimwambia mapema, akakataa kusikia."

Bi Luo alitikisa kichwa. "Wanaume wa hivyo hata kwetu wapo."

Ikawa zamu ya Kasmir kusema kitu, kwa kuwa mkaguzi alikuwa akimtazama.

"Wapo," alisema Kasmir.

"Na wewe umemkubali shemeji yako aishi hapa, katika hali yenu hii?"

"Damu nzito," alisema Kasmir kwa sauti ya chini. Mwanamume aliyesomea uhandisi hakosi jibu.

Bi Luo aliguswa. Alisema katika jengo zima hajaona watu wenye moyo kama huu, atayasema hayo ofisini, na kwamba wasiwe na wasiwasi. Akaaga. Kasmir akaruka kumsindikiza mpaka kwenye lifti. Katika maisha yake yote hakuwahi kumsindikiza mgeni kwa bidii ile.

*

Wanawake wakabaki.

Anastazia alianza kukusanya sahani, kwa sababu mikono lazima iwe mahali fulani.

"Minakushukuru, yaya," alisema Gracia, na yaya kwao ni dada mkubwa. Kisha akaendelea kwa Kichina, Kichina kilichonyooka kama cha yule mtangazaji wa treni ya chini ya ardhi. "Ila akili yangu si nzito. Nimesoma chuo Wuhan."

Sahani zikarudi mezani zenyewe.

"Ulikuwa unasikia yote?"

"Yote." Akarudi kwenye Kiswahili cha kwao Bukavu. "Ile ya mume wa hovyo, ile tu ulisema kweli."

Anastazia akavuta kiti. "Umefuata nini hapa, mdogo wangu?" Neno lilimponyoka. Uongo ukishatumika mara moja, ulimi huuzoea.

"Banatufukuza kwa nyumba."

"Waliwafukuza kina nani?"

"Mimi na Kasmir. Mwenye nyumba alibadilisha kufuli, akaweka vitu kwa koridoo. Biashara ya viatu ilikufaka, hatukulipa kodi. Kasmir akanipeleka kwa rafiki yangu Élodie, Xiaobei, chumba kimoja. Akasema, we ngoja hapa siku kidogo. Mi naenda kwa dada yangu mukubwa, iko na nyumba, nitakutengenezea nafasi." Akatazama mikono yake. "Tangu ile siku hashiki simu. Sasa bwana wa Élodie anarudi kutoka Lubumbashi. Sina pa kulala, yaya. Njo maana nikatafuta adrese."

"Dada yake mkubwa."

"Ndiyo. Aliniambiaka ni wewe."

Katika yote aliyoyasikia jioni ile, inasikitisha kusema kwamba lililomchoma Anastazia kwanza ni hilo neno mkubwa. Kasmir amemzidi miaka minne.

"Mimi ni mke wake," alisema. "Tumefunga ndoa kanisani. Tuna mtoto."

Gracia hakulia. Aliinua macho ukutani, kwenye ile picha: Kasmir na suti iliyombana, Anastazia na shela, nyuma yao ukuta wa parokia. Aliitazama muda mrefu.

"Alivaa ile ile viatu," alisema mwishowe. "Anavaaka mpaka leo."

"Ndivyo hivyo hivyo."

Nje mtu alikuwa akikung'uta shuka barazani. Anastazia aliyarudia mambo yote kwa mpangilio wake, moja baada ya jingine: sanduku mlangoni, simu iliyowekwa mfukoni haraka, mume na mke chini ya paa moja. Mzigo begani. Ana, tungeweza kuanza upya. Kasmir hakurudi kwa ajili ya nyumba. Alirudi kwa sababu hakuwa nayo.

Na yeye akampikia dagaa wa mama yake.

Aliona aibu, si mbele ya Gracia, wala mbele ya Mungu. Aliona aibu mbele ya lile dirisha alilojitazamia nywele.

*

Lifti ililia, na sauti ya Kasmir ikasikika koridoni, inabembeleza. "Kesho, mwalimu. Kesho mwanga ni mzuri zaidi."

"Kesho nina nyumba nyingine," ilijibu sauti ya Bi Luo, na mwenyewe akaingia, simu mkononi. Alikuwa amesahau picha. Maombi lazima yaambatane na picha ya wote wanaoishi katika nyumba, na sasa wameongezeka.

"Simameni pale ukutani. Mume katikati. Mwambie mdogo wako asogee kushoto, tumbo lionekane, linasaidia."

Gracia akasogea kushoto.

Anastazia alikuwa bado hajafungua mdomo kumtafsiria.

Bi Luo alishusha simu taratibu. "Anasikia," alisema.

"Anasikia," alisema Anastazia.

"Nimefundisha watoto maisha yangu yote. Uso wa mtoto aliyenakili jibu naujua hata gizani. Siku ile ya ugali na wali nilinyamaza, nikasema labda wana haya. Leo naomba mtu mmoja aniambie ukweli kabla sijaweka jina langu."

"Mama Teddy," alisema Kasmir kwa Kiswahili, upesi, huku akitabasamu kwa ajili ya mgeni, "fikiria nyumba. Mfikirie Teddy."

Anastazia alimfikiria Teddy. Alizifikiria Jumapili zote zile za baba yupo kazini. Kisha akasema, kwa Kichina chake cha sokoni, kisichojua kuremba.

"Huyu ni mume wangu wa kwenye karatasi. Aliniacha. Suruali ulizozishika nilizilowesha mimi, zilikuwa safi. Analala kwenye kochi. Huyu si mdogo wangu, ni mwanamke ambaye mume wangu alikwenda kuishi naye, na mtoto aliye tumboni ni wa mume huyo. Nilikudanganya kwa sababu nilitaka nyumba yangu. Kama ni mnada, basi uwe mnada. Ila dagaa sikukupikia wewe, hilo nisamehe, nilimpikia yeye."

Akasubiri. Ndani ya kifua palikuwa na nafasi ambayo asubuhi haikuwepo.

Bi Luo alikaa. Alimtazama kama mwanafunzi aliyejibu vizuri swali ambalo halikuulizwa.

"Nani alikwambia mpango unataka mume?"

"Kanuni."

"Kanuni ipi? Mpango unamtaka mwenye nyumba anayeishi humo na asiye na nyumba nyingine. Basi. Wewe si uko humu siku zote? Ungekuja ofisini peke yako siku ya kwanza, upande wetu tungekuwa tumemaliza."

Anastazia akageuka. Gracia akageuka. Hata picha ya harusi ingekuwa na shingo ingegeuka.

"Labda walibadilisha," alisema Kasmir. "Mambo ya serikali, unajua."

Hakuna aliyejua.

Bi Luo akafungua kalamu. "Sasa tuandike upya. Nani anaishi humu? Nitakaowaandika ndio nitakaowatafuta nikija."

"Watu wawili," alisema Anastazia.

"Wepi?"

Kasmir akanyoosha kola ya shati. Akasogea hatua kumwelekea mkewe, kwa upole wa mtu aliyekwisha kusamehewa mara nyingi.

"Mimi," alisema Anastazia, "na huyu."

Na kidole chake kikamwendea Gracia.

"Yaya," alisema Gracia.

"Usinishukuru," alisema Anastazia kwa Kiswahili. "Utalipa kodi ya chumba ukishaanza tena kuuza viatu. Na sijasema nakupenda. Ila najua kufuli likibadilishwa mtu anajisikiaje, maana langu lilikuwa linakuja kubadilishwa mwezi huu."

Kasmir alibaki amesimama katikati, pale alipopangwa kwa ajili ya picha. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Kwa mara ya kwanza uhandisi haukumsaidia.

Bi Luo aliandika majina mawili, akapuliza wino. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwadilifu asiyependa kuacha jambo nusu, akamgeukia Kasmir.

"Wewe unaweza kwenda. Ila Ijumaa uje ofisini utie sahihi. Jina lako bado liko kwenye mkopo, na bila sahihi za wote wawili benki haisogezi kitu. Mnada unabaki pale pale."

Ilichukua muda neno hilo kumfikia. Lilipomfika, Anastazia aliliona likiingia: mabega yakapanda, shingo ikanyooka, na ule uso uliokuwa umekunjamana ukaanza kukunjuka, kipande kwa kipande.

"Sahihi yangu," alisema Kasmir taratibu. "Kumbe inahitajika."

Akavuta kiti cha kichwani mwa meza. Akakaa, akakunja nne.

"Basi hakuna haraka," alisema. "Leo ni Jumanne. Kaeni, wake zangu, tuzungumze vizuri."